Kupima molekuli kwa chemba ya vioo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi, kwa walimu wa fizikia, na kwa wageni wanaoingia chumba cha mashine wakakuta sanduku la kijivu linanguruma, skrini iko juu yake, na namba inabadilika kila baada ya sekunde chache: 421.3, 421.4, 421.3, yaani sehemu za hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Wengi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: namba hiyo imetoka wapi? Nimejibu kwa urefu pale penye utamu, na kwa ufupi pale pasipo na mengi.

Chemba ya vioo ni kitu gani?

Ni nafasi iliyo kati ya vioo viwili au vitatu vilivyoelekezana kwa uangalifu mkubwa, ili mwanga ukishaingia ndani urushwe huku na huko mara maelfu kabla haujaisha. Wataalamu huiita kaviti ya optiki. Mimi nitaiita chemba ya vioo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Kama unadhani hujawahi kuiona, huenda umeshakaa ndani yake. Ingia saluni ya kunyoa yenye kioo mbele na kioo nyuma. Ukiketi unaona uso wako, halafu kisogo chako, halafu uso tena, foleni ndefu ya wewe na kinyozi wako inayopinda na kupotelea mbali. Watazame vizuri wale wa mbali. Si wadogo tu. Wamefifia, tena wamekuwa na ukijani, kama watu waliozama kwenye maji ya bwawa. Mwanga uliokuletea sura ya mtu wa kumi umepenya glasi ya vioo mara nyingi, na glasi ya kawaida ina chuma kidogo ndani yake kinachofyonza wekundu kuliko ukijani. Ukitazama nje kupitia dirisha la glasi hiyo hiyo huoni ukijani wowote. Ukiipitia mara ishirini unauona bila kifaa. Maana yake ni kwamba pale kitini umegundua chuma ambacho jicho lisingekigundua kwa mtazamo mmoja.

Mashine zetu zinafanya kazi hiyo hiyo. Badala ya glasi tunaweka hewa, na badala ya mara ishirini tunapitisha mwanga mara maelfu kwa maelfu.

Kwani vioo vya saluni visingetosha?

Visingetosha hata kidogo. Kioo cha nyumbani hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Baada ya kugonga mara 10 kimebaki kiasi cha asilimia 35, baada ya mara 20 asilimia 12, na baada ya mara 50 haifiki hata asilimia moja. Vioo vya chemba hurudisha asilimia 99.99, na vizuri zaidi asilimia 99.999. Hicho cha asilimia 99.99 kinaweza kugongwa mara 10,000 na bado zaidi ya theluthi moja ya mwanga ikawa hai.

Huwezi kufika huko kwa kupaka fedha au alumini nyuma ya glasi, kwa sababu metali yoyote hula mwanga. Vioo hivi hutengenezwa kwa tabaka nyingi nyembamba za vitu viwili vinavyopokezana, mara nyingi silika na oksidi ya tantalamu, kila tabaka likiwa na unene wa robo ya wimbi la mwanga. Kila mpaka kati ya tabaka mbili hurudisha mwanga kidogo tu, lakini unene umepangwa ili vyote vinavyorudi vifuate mdundo mmoja na kujumlishana, kama wavuvi wanaovuta jarife kwa pamoja. Hasara yake ni kwamba mdundo huo ni wa rangi moja na majirani zake wa karibu. Nilipokishika kioo cha infraredi, yaani cha mwanga usioonekana kwa macho, kwa mara ya kwanza nilidhani nimeletewa kipande kibovu: nilikuwa naona upande wa pili kama natazama kupitia lenzi ya miwani. Kwa macho yangu ni dirisha, kwa leza yake ni ukuta.

Molekuli zinatambulikaje kwa mwanga?

Molekuli ni atomu zilizoshikana, na mishiko hiyo hucheza kama springi: hurefuka, hufupika, hujipinda. Kila aina ya molekuli ina miendo yake, na kila mwendo hukubali mwanga wa masafa fulani tu, yaani rangi fulani, hata ile ambayo jicho haliioni. Hewa ya ukaa hupenda sana mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.3. Methani hupenda mikromita 3.3. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, zina atomu mbili zinazofanana, kwa hiyo mtikisiko wake hauna cha kuushika mwanga wa infraredi. Hilo ni bahati yetu kubwa. Zingekuwa zinafyonza, tungekuwa tunamtafuta mtu mmoja anayenong'ona katikati ya uwanja wa mpira.

Mashine nyingi zilizopo kazini hazitumii masafa hayo makuu. Zinatumia vivuli vyake dhaifu zaidi, karibu na nanomita 1603 kwa hewa ya ukaa na nanomita 1651 kwa methani. Ufyonzaji pale ni mdogo mno. Lakini leza za eneo hilo ni ndugu wa karibu wa zile zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za mkongo, na biashara ya mawasiliano imezifanya ziwe imara na za bei nafuu. Udhaifu wa ufyonzaji tunaufidia kwa kurefusha njia ya mwanga.

Kwa nini mnapima muda badala ya kupima ukali wa mwanga?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ukilielewa umeelewa zaidi ya nusu ya jambo zima.

Njia ya zamani ni rahisi kuifikiria: pitisha mwanga kwenye gesi, pima umepungua kiasi gani. Tatizo ni kwamba leza yenyewe hupanda na kushuka. Ukitaka kuona upungufu wa sehemu chache kwa milioni huku taa yako inatikisika kwa sehemu elfu kwa milioni, hutajua kilichopunguza mwanga ni gesi au ni taa.

Sasa fikiria kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ukiigonga kwa nguvu inalia kwa sauti kubwa, ukiigonga polepole inalia kwa sauti ndogo. Ila muda wa sauti kufifia ni ule ule, kwa sababu kasi ya kufifia ni tabia ya chuma kile, haitegemei mkono uliogonga. Mtu akiishika kwa kitambaa, inafifia upesi zaidi, hata kama hukuona nani kaigonga wala kwa nguvu gani.

Chemba ya vioo ni kengele ya mwanga. Tunaijaza mwanga, tunazima leza ghafla, kisha tunatazama mwanga uliobaki ndani ukivuja kidogo kidogo kupitia kioo cha nyuma. Unafifia kwa mkunjo laini unaojulikana. Chemba ikiwa tupu, unafifia kwa muda fulani. Ukiweka gesi inayofyonza rangi ile, unafifia haraka zaidi. Leza ikiwa kali leo na dhaifu kesho, muda haubadiliki. Kwa hiyo hatuulizi mwanga ni mwingi kiasi gani. Tunauliza umedumu kwa muda gani. Na binadamu hakuna kitu anachokipima vizuri kuliko muda.

Naomba hesabu yenyewe, si mifano tu.

Chukua chemba yenye urefu wa sentimita 60 na vioo vya asilimia 99.99. Mwanga husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Kila ukivuka chemba unapoteza sehemu moja kati ya 10,000, kwa hiyo muda wa kufifia hadi asilimia 37 ni mikrosekunde 20. Ndani ya mikrosekunde hizo mwanga umetembea kilomita 6, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, bila kutoka ndani ya bomba unaloweza kulibeba kwapani.

Ingiza hewa yenye gesi unayoitafuta. Muda ushuke kutoka mikrosekunde 20 hadi 19. Gawanya moja kwa kila muda: unapata 50,000 kwa sekunde chemba ikiwa tupu, na 52,632 kwa sekunde ikiwa na gesi. Tofauti ni 2,632. Igawe kwa kasi ya mwanga, na jibu ni kwamba gesi ile hula karibu sehemu 9 kwa milioni ya mwanga katika kila mita. Ukijua molekuli moja ya gesi hiyo hufyonza kiasi gani, jambo ambalo limeshapimwa maabara na kuwekwa kwenye majedwali, unapata idadi ya molekuli.

Angalia kilichotokea kwa vioo kwenye hesabu hiyo. Ubovu wao ulikuwemo kwenye namba zote mbili, na ulipotoa ukatoweka. Tena si lazima uitoe gesi ili upate muda wa chemba tupu. Unasogeza leza kidogo pembeni, kwenye rangi ambayo gesi haiigusi, unapima pale. Unarudi kwenye rangi inayofyonzwa, unapima tena. Mashine nzuri hufanya vipimo hivi mamia kwa sekunde moja.

Kama vioo vinarudisha karibu mwanga wote, mwanga unaingiaje ndani?

Wanafunzi wanaouliza swali hili huwa naandika majina yao, maana wamefikiri kweli.

Ukisimama nje ya kioo kinachorudisha asilimia 99.99, unategemea sehemu moja tu ya elfu kumi iingie. Na ndivyo inavyokuwa kwa rangi nyingi. Lakini kuna rangi maalumu ambazo nusu-mawimbi yake hujaa kati ya vioo kwa idadi kamili, bila kipande kubaki. Kwa rangi hizo, mwanga uliozunguka na kurudi hukutana na mwanga mpya unaoingia ukiwa kwenye hatua ile ile, na wanasukumana mbele. Ni bembea ya mtoto: ukisukuma kila anaporudi, msukumo mdogo unampandisha juu sana, ukisukuma ovyo, unamsimamisha. Na kwenye kioo cha mbele, mwanga unaovuja kutoka ndani hukutana na ule uliokataliwa kuingia na wanafutana, kwa hiyo mlango unakuwa kama umefunguka. Hali hii huitwa rezonansi.

Kwa vitendo, kioo kimoja hubandikwa kwenye pete ndogo inayotanuka ukiipa umeme, na pete hiyo hukisogeza kioo kwa sehemu ya mikromita mpaka rezonansi ipatikane. Kitambuzi kikiona mwanga umejaa, leza inakatwa, na kufifia kunaanza. Katika chemba ya sentimita 50, rangi zinazokubaliwa zimepangana kila baada ya megahezi 300, kama vidato vya ngazi.

Nani walianza?

Kutega mwanga kati ya vioo viwili ni kazi ya Wafaransa Charles Fabry na Alfred Perot, mwaka 1899. Kupima kufifia kwake kulikuja baadaye sana, na kulianza kama kazi ya mafundi wa vioo. Miaka ya 1980 vioo vilikuwa vimekuwa vizuri mno kiasi kwamba njia za kawaida za kuvipima zilishindwa, na mwaka 1984 Anderson, Frisch na Masser wakaonyesha jinsi ya kupima ubora wa kioo kwa muda wa kufifia. Mwaka 1988 Anthony O'Keefe na David Deacon waligeuza jambo hilo juu chini: badala ya kupima vioo, walivitumia kupima gesi, wakaonyesha ufyonzaji dhaifu sana wa oksijeni kwa mwanga unaoonekana kwa macho. Kilichokuwa kero kwa mpima vioo, yaani hewa iliyo katikati, kikawa ndicho kinachotafutwa.

Ndani ya lile sanduku kuna nini?

Chemba yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Katika mashine za kampuni ya Picarro, ambazo utazikuta kwenye vituo vingi vya hali ya hewa duniani, ina urefu wa takriban sentimita 25 na vioo vitatu vilivyowekwa pembetatu, ili mwanga uzunguke upande mmoja badala ya kurudi nyuma na kuisumbua leza. Njia ya mwanga humo inazidi kilomita 20. Zilizobaki ni leza, kifaa cha kuhakiki rangi ya leza, kitambuzi, vali, pampu na kompyuta.

Hewa iliyo ndani huwekwa kwenye kanieneo ndogo, chini ya moja ya tano ya ile ya kawaida usawa wa bahari, na jotoridi la nyuzi 45 lisiloyumba. Watu huuliza kwa nini tunapunguza hewa wakati tunazitafuta molekuli. Jibu ni kwamba molekuli zikibanana zinagongana, na kugongana hutanua mistari yake ya ufyonzaji mpaka mstari wa methani unalaliana na wa mvuke wa maji. Ukizipa nafasi, mistari inakuwa myembamba na kila mmoja unaonekana peke yake.

Afrika Mashariki vifaa hivi vipo?

Vipo. Kituo cha Rwanda cha kuchunguza tabianchi kiko juu ya Mlima Mugogo, mita 2,590 kutoka usawa wa bahari, na kimejengwa kwa ushirikiano wa Rwanda na taasisi ya MIT ya Marekani. Mashine ya aina hii inapima pale hewa ya ukaa, methani na kaboni monoksidi. Kaboni monoksidi ni gesi ya moshi: popote kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, inatoka. Vipimo vya Mugogo vimeonyesha vilele viwili kwa mwaka, navyo vinafuata kiangazi. Kuanzia Disemba hadi Februari upepo huleta moshi wa moto wa nyika kutoka kaskazini mwa ikweta. Kuanzia Juni hadi Agosti unaletwa kutoka kusini. Mkulima anachoma majani mamia ya kilomita kutoka hapo, na vioo vilivyo mlimani vinajua.

Natamani tungekuwa na vituo vingi zaidi. Bara kubwa hivi lina sehemu chache mno zinazopima gesi hizi mfululizo, na ramani nyingi za dunia hujaza pengo letu kwa makadirio.

Namba ikionekana ya ajabu, mnajuaje kama ni hewa au ni mashine?

Kwa mitungi kwanza. Tuna mitungi ya hewa ambayo kiasi cha gesi ndani yake kinajulikana, na asili ya kipimo hicho hufuatiliwa mpaka maabara ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, mjini Boulder, Colorado, inayotunza kipimo cha dunia cha hewa ya ukaa. Kila baada ya muda tunaifungulia mashine mtungi na kuona inasema nini. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka vituo vikubaliane ndani ya sehemu 0.1 kwa milioni kwa hewa ya ukaa, huku hewa yenyewe ikiwa na zaidi ya sehemu 420. Mimi siamini mashine isiyo na mtungi, hata iwe mpya namna gani.

Lakini mtungi hauonyeshi kila kitu. Mahali fulani nilipofanya kazi, namba ilikuwa ikipanda kila siku saa nne asubuhi, kutoka sehemu mia nne na ishirini na kitu hadi mia sita, halafu inashuka taratibu. Tulitafuta sababu nje: magari, jenereta ya jirani, jiko la mama lishe. Mtungi ulipofunguliwa, mashine ilijibu sawasawa. Wiki ya pili mwenzangu mmoja alitazama saa, akatazama birika. Saa nne ni saa ya chai, na chai tulikuwa tunanywea chumba kile kile. Watu saba ndani ya chumba kidogo, pumzi ya kila mmoja ina hewa ya ukaa karibu sehemu 40,000 kwa milioni. Mashine ilikuwa inavuta hewa ya chumbani, si ile ya nje inayoletwa kwa bomba kutoka juu ya mlingoti.

Tukazima feni, nikapita kiungio hadi kiungio nikipuliza pumzi yangu polepole, huku mwenzangu ametulia mbele ya skrini. Kiungio cha tatu nyuma ya pampu, akasema, "Hapo hapo, kaka." Nati ilikuwa haijakazwa vizuri. Huko juu kwenye mlingoti, dondola walikuwa wamejenga nyumba ya udongo kwenye mdomo wa bomba. Pampu ilipokosa hewa ya nje ikavuta kwa nguvu kupitia ile nati. Mtungi ulikuwa unaingia baada ya kiungio hicho, ndiyo maana haukuonyesha kitu. Tangu siku hiyo tunaweka wavu kwenye mdomo wa bomba, na chai inanywewa barazani.

Unyevunyevu unaathiri vipimo?

Sana, na kwa watu wa Pwani hili si jambo dogo. Mwezi wa Machi, joto la nyuzi 30 na hewa nzito ya baharini, mvuke wa maji unaweza kuwa asilimia 3 ya hewa yote. Mvuke huo unachukua nafasi ya gesi nyingine. Hewa kavu yenye sehemu 420 za ukaa, ukiichanganya na mvuke kiasi hicho, itasomeka kama 407. Hakuna ukaa uliopungua, umezimuliwa tu. Ndiyo maana mashine hupima mvuke wa maji wakati huo huo na kurekebisha, au hewa hukaushwa kabla ya kuingia. Ukisoma takwimu za mtu, uliza kwanza kama ni za hewa kavu.

Inaweza kupima pumzi ya mgonjwa?

Inaweza, na utafiti ni mwingi. Pumzi hubeba asetoni, amonia, naitriki oksidi na molekuli nyingine ambazo hubadilika na hali ya mwili. Huko Boulder, kundi la Jun Ye wa taasisi ya JILA liliunganisha chemba ya vioo na chanuo la mwanga, yaani leza inayotoa maelfu ya rangi zilizopangana kama meno ya chanuo. Chanuo hilo ndilo lililochangia John Hall na Theodor Hänsch kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa leza ya kawaida unapima gesi moja au mbili. Kwa chanuo unazipima nyingi kwa pamoja. Mwaka 2023 kundi hilo lilichapisha matokeo ya pumzi za watu 170, likijaribu kutenganisha wenye maambukizi ya korona na wasio nayo, na lilifanikiwa kwa kiwango cha kutia moyo.

Lakini kutia moyo si kutibu. Watu 170 ni wachache, na pumzi hubadilika ukila, ukivuta sigara, ukipanda ngazi. Mtu akikuuzia leo kifaa cha kugundua magonjwa yote kwa kupuliza, usimpe pesa yako. Kipimo cha pumzi kilichokubalika hospitalini kwa miaka mingi ni cha bakteria wa vidonda vya tumbo: unakunywa yurea yenye kaboni nzito, bakteria akiwepo anaivunja, na kaboni ile inatoka kwenye pumzi kama hewa ya ukaa nzito. Kuitambua kunaweza kufanywa kwa mwanga wa infraredi.

Mnatofautishaje hewa ya ukaa nzito na nyepesi?

Springi ile ile, mzigo tofauti. Kaboni 13 ni nzito kuliko kaboni 12, hivyo molekuli yake hutikisika polepole kidogo na kufyonza rangi iliyosogea kidogo. Kwenye chemba yenye kanieneo ndogo, mistari hiyo miwili hutengana vizuri. Kwa maji ni vivyo hivyo: wanaofuatilia asili ya maji ya visima na mito hupima oksijeni 18 na haidrojeni nzito kwa mashine za aina hii, kazi ambayo zamani ilihitaji spektromita kubwa ya masi, yaani mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake.

Kilichonishangaza zaidi ni kazi ya Florence, Italia. Mwaka 2011 watafiti wa huko walitumia chemba ya vioo kupima kaboni 14, ile ya kujua umri wa vitu vya kale, ambayo katika hewa ya leo ni kiasi cha atomu moja kati ya bilioni elfu moja za kaboni.

Molekuli moja peke yake je?

Imefikiwa, ila kwa mlango mwingine. Badala ya kungoja molekuli ifyonze mwanga, unatazama jinsi inavyousogeza. Molekuli ikiingia katikati ya vioo, mwanga unapita pale kwa mwendo tofauti kidogo, na rangi inayokubaliwa na chemba inahama. Chemba ikiwa kubwa, mabadiliko hayo ni sawa na kutupa punje ya chumvi Ziwa Viktoria. Chemba ikiwa ndogo kuliko unene wa unywele, yanaonekana. Mwaka 2024 kundi la Randall Goldsmith wa University of Wisconsin–Madison lilieleza chemba iliyoundwa kwa ncha mbili za nyuzi za mkongo zilizotazamana, maji yakiwa katikati. Liliona protini moja moja zikipita, bila kuzipaka rangi wala kuzifunga kwenye kitu, hata ndogo zenye uzito wa karibu mara 1,200 ya atomu ya haidrojeni.

Kabla yao kulikuwa na chemba za mviringo, ambamo mwanga huzunguka ukingoni mwa kitufe cha glasi, kama mnong'ono unaozunguka ukuta wa kuba la kanisa la St Paul's, London. Kwa njia hiyo, mwaka 2008, Frank Vollmer na wenzake waligundua kirusi kimoja kimoja cha mafua kikitua juu ya glasi.

Mapungufu yake ni yapi?

Vumbi, kwanza kabisa. Chembe moja ikitua kwenye kioo pale mwanga unapogonga, muda wa kufifia unaanguka na hauinuki mpaka kioo kisafishwe, kazi isiyofaa kufanyiwa mezani kwa kitambaa cha pamba. Ndiyo maana kuna chujio kabla ya chemba, na chujio lazima libadilishwe kwa wakati. Pili, leza moja inaona gesi chache tu. Tatu, mistari ikilaliana, gesi moja inaweza kujifanya nyingine. Nne, bei: mashine moja ni sawa na gari, na mitungi, pampu na fundi havimo.

Umeme ukikatika, weka betri ya akiba inayotosha kuizima mashine kwa utaratibu. Ikizimika ghafla wakati kanieneo ni ndogo, inaweza kuvuta hewa chafu kwa kasi, na tunarudi kwenye vumbi.

Naweza kuwaonyesha wanafunzi bila mashine?

Unaweza, kwa vioo viwili vya bei ya sokoni. Tafadhali usitumie leza za infraredi shuleni. Hazionekani, na jicho halipati onyo la kufumba. Mwanga wa dirishani unatosha.

Kwangua rangi ya nyuma ya kioo kimoja, sehemu ndogo ya ukubwa wa punje ya mtama, upate tundu la kuchungulia. Visimamishe vikitazamana, umbali wa sentimita 20, na katikati weka kipande kidogo cha karatasi nyeupe kilichosimama wima. Weka kamera ya simu kwenye tundu, piga picha. Utaona foleni ya karatasi. Fungua picha kwenye programu yoyote inayosoma rangi, andika kiasi cha nyekundu, kijani na buluu kwa karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka zisisomeke. Chora grafu. Mstari wa nyekundu utaanguka upesi kuliko wa kijani. Halafu badilisha vioo vyembamba kwa vinene, rudia, na uwaulize kwa nini mistari imeachana zaidi.